Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake inajulikana. Mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenyeji ambaye jana alilalia mchicha leo naye hupata paja. Methali hii nimeifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30, na kila niliposimama kuieleza kulikuwa na jambo moja moyoni ambalo sikuwaambia wanafunzi wangu. Katika nyumba yangu methali hii iliwahi kugeuka. Mgeni alikuwa njiani, tukamwandalia kila kitu, na mwenyeji nusura afe. Mgeni huyo alikuwa mtoto aliye tumboni. Mwenyeji alikuwa kaka yake, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu.

Sikuwa na nia ya kuyaandika haya. Lakini kipupwe kilichopita mjukuu wangu alikuja kutoka Dar es Salaam kukaa nami wiki mbili hapa Kwashemshi. Alikuja na mwanawe wa miezi 18, na tumbo la miezi sita. Asubuhi ya pili, baada ya kuniamkia, alikaa nami jikoni tuote moto. Mtoto akawa anamvuta kanga kifuani, naye anamwondoa mkono. Nikamuuliza kulikoni.

"Nimemwachisha juzi, babu," akasema. "Watu wameniambia nikiendelea kumnyonyesha na mimba hii nitambemenda."

Ndugu msomaji, neno hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba yangu kwa karibu miaka 50. Nilikiweka kikombe chini. Nikamwambia ampakate mtoto, anywe chai yake, kisha anisikilize.

Kwashemshi iko chini ya milima ya Usambara, wilayani Korogwe, katika nchi ya mkonge. Jina lake, kama majina ya jirani zake Kwamndolwa na Kwagunda, laanza na "kwa", kama mtu aelekezaye nyumbani kwa mtu. Barabara yapita hapa na kupanda kwenda Dindira na Bungu. Kwa miezi mingi ya mwaka sisi wa huku chini twalalamikia joto. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti mambo hubadilika. Ukungu hukalia milima mpaka jua lipande sana, manyunyu huja na kwenda, na usiku upepo hushuka kutoka juu kama mtu aliyetumwa.

Mtu wa London angeicheka baridi yetu. Angevaa shati la mikono mifupi akatembea. Lakini umri umenifundisha kwamba baridi haipimwi kwa kipimajoto peke yake. Hupimwa pia kwa blanketi, kwa paa, na kwa kile kilichomo tumboni mwa mtu anapokwenda kulala. Nyumba ya mwalimu tuliyopewa mwaka ule ilikuwa ya bati lisilo na dari. Alfajiri bati lilipopoa, umande ulijikusanya kwa ndani na kutudondokea matone usoni.

Mwaka ninaousema ni 1975. Nilikuwa kijana wa miaka 26, mwalimu aliyetoka chuo cha ualimu si zamani sana, na mwenye hamasa kubwa. Nchi nzima ilikuwa na hamasa. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule. Na Agosti 1975 ulikuwa unakuja mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo kwa watu wazima. Asubuhi nilifundisha watoto, jioni nilifundisha baba na mama zao. Juu ya hayo nilipewa kazi ya kuongoza kikundi katika kampeni ya redio iliyoitwa Chakula ni Uhai. Tulikusanyika, tukasikiliza kipindi, kisha nikasoma kijitabu na watu wakajadili.

Chakula chenyewe kilikuwa haba. Mvua zilikuwa zimetupa kisogo mwaka 1973 na 1974, na serikali ililazimika kuagiza nafaka kutoka ng'ambo. Tulikula unga wa mahindi ya njano ambao watu waliubatiza jina la Yanga, kwa rangi ya jezi. Wenye umri wangu wataukumbuka, na harufu yake pia.

Katika hali hiyo mke wangu akawa mjamzito, na mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Mimba ilipojulikana, hukumu ikatolewa siku hiyo hiyo: mtoto aachishwe. Wazee wetu waliamini kwamba maziwa ya mama mwenye mimba yameharibika, na kwamba anayeyanyonya atadhoofika na kubemendwa. Shangazi yangu alileta shubiri. Mke wangu akapaka. Mtoto alikwenda kunyonya kama kawaida yake, akakuta uchungu, akamtazama mama yake usoni. Mtazamo ule niliuona kwa macho yangu. Nikachukua vitabu nikaenda kufundisha.

Alilia siku nne. Kisha akanyamaza.

Baada ya hapo sote tulimgeukia mgeni. Mke wangu alishona nguo ndogo. Mama yangu aliweka kando mitetea miwili kwa ajili ya supu ya mzazi, na pilipili manga ya uji wake. Samli ilifungwa kwenye chupa ikawekwa juu, isiguswe. Mimi, kwa mshahara wa mwezi mmoja niliobana kwelikweli, nilinunua Korogwe blanketi jipya la mtoto, zito, lenye mistari ya bluu. Tulilikunja tukaliweka sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo, limngoje mwenyewe. Mwenyeji alikuwa akilala na kipande cha blanketi kuukuu na kanga ya mama yake. Alikula tulichokula: uji mwepesi wa Yanga asubuhi, ugali na mchuzi jioni. Hakuna aliyemnyima chakula. Alikula uji mpaka tumbo likajaa, nasi tukahesabu kuwa ameshiba.

Nataka niseme jambo hapa ambalo laniona haya hadi leo. Mwanangu alianza kuwa mtulivu. Alikuwa mtundu wa kupindua sufuria na kuchana daftari zangu, sasa akawa anakaa ukutani penye jua bila kusema neno. Hakucheza. Hakuomba kitu. Mimi ni mwalimu, na mwalimu hupenda darasa lililotulia. Nilimsifu mbele ya wageni. Nilisema, "Kijana huyu ameanza kupata adabu." Mashavu yake yalikuwa yamejaa, na nywele zake zikawa laini na nyekundunyekundu. Mtu mmoja alisema ananenepa. Mke wangu hakusema kitu. Naamini alikuwa amekwisha kuona, lakini alikuwa anaogopa neno litakalofuata.

Aliyenifungua macho alikuwa mwanafunzi wangu, mama mtu mzima wa kupita miaka 60, ambaye alikuwa bado anahangaika kuliandika jina lake. Jioni moja ya Julai tulikuwa tumemaliza kusoma juu ya chakula cha watoto wadogo. Nilikuwa nimesoma vizuri, kwa sauti, nikieleza vyakula vya kuujenga mwili. Watu walipotawanyika, mama yule alibaki.

"Mwanangu mwalimu," akaniambia, "kitabu chako kinasema kweli. Mbona mwanao hujamsomea?"

Sikumwelewa. Akaendelea taratibu, kama mtu anayemsahihisha mtoto wa darasa la kwanza. "Nimempitia mchana pale ukutani. Ile miguu si minofu. Ni maji."

Nilirudi nyumbani na kandili. Mtoto alikuwa amelala. Nilimfunua miguu, nikabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, nikaachia. Shimo likabaki pale, limekaa, kama alama ya kidole kwenye udongo wa mfinyanzi. Ngozi yake ilikuwa ya baridi kama bati.

Alfajiri tulikwenda zahanati. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane na hakuweza kubeba mtoto mgongoni kwa mwendo ule. Nikachukua mbeleko nikajifunga mwenyewe. Njiani tulikutana na wakata mkonge wakienda kazini, na wanafunzi wangu wakichota maji. Mwanamume mwenye mbeleko, tena mwalimu, lilikuwa jambo la kuchekesha, nao wakacheka. Sikuwajibu. Nilikuwa nasikiliza pumzi mgongoni.

Muuguzi wa pale alikuwa mama mmoja mtu mzima wa maneno machache. Alimtazama mtoto, akamtazama mama, akaniuliza mimi, "Mwalimu, huyu amekula nini jana?" Nikamwambia. "Na juzi?" Nikamwambia. Alipofika swali la tatu nilikuwa nimekwisha kuelewa. Alisema huu ni unyafuzi. Alitaka tupelekwe hospitali, lakini gari halikuwapo siku hiyo wala iliyofuata. Basi akatupa maelekezo, na kutuagiza tuwe tunarudi kila siku. Mtoto ale kidogokidogo, mara nyingi, mchana na usiku. Uji utiwe maziwa, sukari na mafuta kidogo. Akianza kuchangamka apewe maharage yaliyomenywa na kupondwa, karanga za kusaga, dagaa, yai. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Na asipatwe na baridi. Watoto hawa hawana moto wa kwao. Usiku ndio unaowachukua."

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba mama yule alijua anachosema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali huanza na mambo mawili kabla ya mengine yote: sukari ya mwili isishuke, na mwili usipoe. Chumba chake hushauriwa kiwe na joto la nyuzi 25 hadi 30. Sisi Julai, usiku, hatuna joto hilo. Baridi ambayo mtu wa London angeicheka ingetosha kumwua mwanangu.

Usiku ule nilifungua sanduku. Mke wangu alinitazama nikilitoa blanketi la mgeni, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimvua mtoto nguo nikamlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, nikajifunika pamoja naye. Jiko la mkaa tulilitoa nje, maana chumba kilichofungwa na mkaa huua kuliko baridi. Saa sita nikaamka kumlisha, vijiko vitano. Saa tisa tena. Ile samli ya mzazi ilishushwa, na mtetea wa kwanza akawa anatupa mayai badala ya supu. Maharage hayakuwa mbali hata kidogo. Yalikuwa yakipita mlangoni pangu kila siku ya soko, vichwani mwa akina mama walioshuka kutoka milimani. Maziwa tulinunua kwa mfugaji, kwa mkopo.

Madarasa ya jioni nilimwachia mwenzangu. Niliogopa nitaonekana mvivu, tena wakati mtihani umekaribia. Sikulaumiwa na yeyote. Kumbe woga ule ulikuwa wangu peke yangu.

Usiku wa tisa mtoto alilia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, akitaka kijiko ambacho sikukileta upesi. Nilikaa kitandani nikacheka huku machozi yananitoka. Mke wangu akaamka kwa hofu akiuliza kuna nini. Nikamwambia, "Ameudhika." Akashika uso kwa viganja viwili.

Agosti yule mgeni alizaliwa, binti, mzima, analia sana. Alivikwa blanketi lililokwisha kunuka samli na uji. Mwezi huo huo watu wazima nchini walifanya mtihani wao. Wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa asilimia 67 mwaka 1967, walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Mama yule mtu mzima aliandika jina lake. Naona fahari kuwa mmoja wa waliofanya kazi ile. Lakini nyumbani kwangu aliyefundishwa kusoma mwaka ule ni mimi.

Laiti habari ingeishia hapo. Haikuishia. Mtoto alipona, lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kupata maelezo yake. Walisema mke wa mwalimu alimbemenda mwanawe. Shangazi yangu alilisema neno hilo sebuleni kwetu, mbele ya wageni waliokuja kumpa mzazi hongera. Ninyi wasomaji mnajua neno hilo linabeba nini. Halimwiti mama kuwa maskini au asiyejua. Lasema hakuweza kujizuia. Lazungumza juu ya kitanda chake. Na ingawa mtoto huzaliwa na watu wawili, wanaonyoshewa kidole si wawili.

Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nimeshika kikombe. Nilijua tayari kwamba ni uji mtupu, ni shubiri ya ghafla, ni blanketi lililofungiwa sandukuni, na ni baba ambaye hakuwapo jioni hata moja. Ningeweza kusema sentensi moja tu. Sikusema. Nilimwogopa shangazi, nikaona haya kuzungumza mambo hayo mbele ya watu. Nikanyamaza.

Baadaye sana nilisoma habari za daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyefanya kazi katika Gold Coast, Ghana ya leo. Aliona watoto wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu na kubadilika nywele na ngozi. Badala ya kuwahukumu mama zao, aliwauliza. Wakampa jina walilolitumia katika lugha yao ya Kiga: kwashiorkor, ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake mwenzake anapokuja. Mwaka 1935 aliandika jina hilo katika jarida la madaktari la Uingereza, Lancet, na dunia ikalichukua.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini nikatoka nje. Wazee wetu na wale wa Ghana waliona jambo lile lile: kwamba mimba ya pili ikija mapema, wa kwanza yumo hatarini. Wazee wetu hawakuwa wajinga wa kutazama. Lakini wenzetu walilitungia jina lenye kumtazama mtoto, na sisi tukalitungia jina lenye kumtafuta mkosaji. Jina la kwanza lakufanya umshike mtoto. La pili lakufanya umwangalie mama yake kwa jicho baya, na huku mtoto anapoa.

Hayo ndiyo niliyomweleza mjukuu wangu jikoni. Nikamwambia yale ambayo wataalamu wanasema leo: kwamba maziwa ya mama mjamzito hayageuki sumu, na mama mwenye afya hahitaji kumwachisha mtoto kwa ghafla, aulize kliniki. Kwamba Shirika la Afya Duniani lashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na baada ya kujifungua kungoja angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Chama chetu cha UMATI, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1959, kimekuwa kikifundisha uzazi wa majira tangu mimi sijaoa, na mimi sikwenda kusikiliza. Na kama mimba imekwisha kuingia, basi imeingia. Haina haja ya hukumu. Yataka maharage, yataka blanketi, na yataka baba.

Juu ya baba nilisema kwa kirefu kidogo. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku 3. Siku 3 ni chache. Lakini hakuna sheria inayomkataza baba jioni zake. Mama amembeba yule anayekuja. Hawezi kumpa mtu mwingine amsaidie. Huyu aliyepo anabebeka. Mgongo wowote wamtosha. Kabla hamjanunua nguo za mgeni, nikamwambia, mtazameni mwenyeji. Akiwa mtundu, msimkaripie sana. Akitulia ghafla, msimsifu. Mwulizeni amekula nini jana.

Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kumpa mtoto ziwa wakati naendelea kusema. Akaniuliza bila kuinua macho, "Babu, mtoto yule ni yupi katika wanao?"

"Ni baba yako," nikamwambia.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani angeuliza juu ya baba yake. Lakini yeye ni mwanamke, na akauliza swali la mwanamke.

"Na bibi? Uliwahi kumwambia kwamba halikuwa kosa lake?"

Mke wangu alifariki mwaka 2011. Tuliishi pamoja karibu miaka 40 na tulizungumza mambo mengi. Hilo hatukulizungumza. Nilifikiri kuwa kwa kuwa mtoto alipona, neno nalo lilikuwa limepona.

"Sikumwambia," nikajibu.

Ndiyo sababu nimeandika. Shangazi hayupo, na wengi waliokuwa sebuleni siku ile hawapo. Lakini wanangu wapo, na wajukuu, na watu wa Kwashemshi watakaokisoma kitabu hiki. Basi na waisome sentensi ambayo ilinipasa kuisema Agosti 1975 nikiwa nimeshika kikombe: mama yao hakumbemenda mtu. Mtoto alikuwa na njaa na baridi, na baba yake alikuwa hajamtazama.